Pima Msamba Kabla ya Kununua Baiskeli: Mwongozo Kamili wa Kuchagua Saizi ya Fremu

Ukienda kutafuta baiskeli hapa Dodoma, pale Sabasaba au Majengo, swali la kwanza utakaloulizwa ni hili: "Unataka ishirini na sita au ishirini na nane?" Ukishajibu unatolewa baiskeli, unaipanda, unazunguka nayo mita hamsini kwenye vumbi, mnapatana bei, unaondoka. Hakuna aliyekupima. Namba uliyoulizwa ni ya tairi, na tairi halijui mguu wako una urefu gani.

Mimi niliuziwa hivyo. Ilikuwa baiskeli ya gia ya mtumba, rangi bado inang'aa, na muuzaji akaniapia kwamba ishirini na sita inamfaa mtu mzima yeyote. Nikaiendesha kiangazi kizima kutoka Chang'ombe kwenda kazini na kurudi. Mwezi wa pili wa kuiendesha, goti la kulia likaanza kuuma upande wa mbele, hasa nikipandisha kilima. Nikabadilisha pedali, nikabadilisha cheni, nikachua goti kwa dawa kila usiku. Kumbe fremu ilikuwa ya inchi 15 wakati mimi nahitaji ya 17, na nguzo ya kiti iliyokuja nayo ilikuwa fupi. Hata nilipoivuta hadi mwisho, nilikuwa nakanyaga pedali magoti yamekunjwa kama mtu aliyekalia kigoda. Tangu hapo sinunui baiskeli, wala simwachi ndugu yangu anunue, bila futi ya fundi cherehani mfukoni.

Haya ndiyo ninayoyafanya, hatua kwa hatua.

Kwanza, tuzitenganishe namba

Baiskeli ina namba mbili kubwa, na watu wanazichanganya. Ya kwanza ni kipenyo cha gurudumu kwa inchi: 24, 26, 27, 28, 29. Hii imeandikwa ubavuni mwa tairi na ndiyo inayotajwa sokoni. Ya pili ni saizi ya fremu, yaani urefu wa bomba la wima, lile linalopokea nguzo ya kiti, kuanzia katikati ya ekseli ya pedali (ile inayopita ndani ya fremu na kushika mikono ya pedali) hadi mwisho wake wa juu. Baiskeli za milimani hupimwa kwa inchi, mfano 15, 17, 19. Baiskeli za mbio hupimwa kwa sentimita, mfano 50, 54, 58. Inchi moja ni sentimita 2.54, ukitaka kuhamisha.

Baiskeli mbili zenye tairi 26 zinaweza kuwa moja ya mtu mwenye urefu wa sentimita 155 na nyingine ya mtu wa 185. Gurudumu ni lile lile, fremu ndiyo tofauti.

Tena hata hiyo 26 yenyewe si namba moja. Tairi la 26 la baiskeli ya milimani hukaa kwenye ringi ya milimita 559, na lile la 26 x 1 3/8 la baiskeli za mjini kutoka Japani hukaa kwenye ringi ya milimita 590. Halivaliki moja mahali pa jingine, hata fundi atumie nguvu kiasi gani. Vivyo hivyo 28 ya Phoenix au Avon, ile ya 28 x 1 1/2, ni ringi ya 635, na 28 nyembamba za Ulaya ni 622. Ukinunua tairi, soma namba ndogo yenye kistari, mfano 37-590. Hiyo ndiyo isiyokudanganya. Sasa turudi kwenye fremu.

Hatua ya 1: Pima msamba, usipime kimo peke yake

Watu wengi huanza na kimo kwa sababu wanakijua. Kimo kinasaidia kukisia, lakini kinachoamua ni urefu wa mguu kwa ndani, kutoka sakafuni hadi msambani. Mimi na kaka yangu sote tuna sentimita 172. Msamba wangu ni 77, wake ni 83. Yeye ana miguu mirefu na kiwiliwili kifupi, mimi kinyume chake. Tukisimama ukutani hutuoni tofauti. Tukipanda baiskeli moja, mmoja wetu lazima ateseke.

Unahitaji ukuta, kitabu kigumu chenye jalada lililonyooka, penseli na futi. Fanya hivi:

Vua viatu. Vaa suruali nyepesi au kaptula, si kitambaa kizito. Simama mgongo na visigino vikiwa vimegusa ukuta, miguu imeachana kama sentimita 15. Weka kitabu katikati ya miguu, mgongo wa kitabu ukitazama juu, ukingo wake mmoja ukiwa umekaa bapa ukutani ili kisiinamie upande. Kivute juu mpaka kikubane kweli, kama kiti cha baiskeli kinavyokubana ukiwa umekalia uzito wote. Hapa ndipo watu hukosea: wanaona haya, wanakivuta kidogo tu, wanapata kipimo kifupi kwa sentimita tatu au nne. Mtu mwingine aweke alama ya penseli ukutani usawa wa juu wa kitabu. Pima kutoka sakafuni hadi kwenye alama. Rudia mara tatu, chukua wastani.

Binti wa shangazi yangu, mwalimu wa shule ya msingi upande wa Veyula, alikuja nyumbani kupimwa kabla ya kwenda sokoni. Mara ya kwanza tulipata 70. Mke wangu akamwambia, "Wifi, hicho kitabu kinaning'inia tu, kivute." Mara ya pili 73, mara ya tatu 73. Sentimita hizo tatu zingemnunulia baiskeli nyingine kabisa.

Andika namba yako kwenye simu. Utaitumia katika kila hatua inayofuata.

Hatua ya 2: Jiulize utaiendesha wapi na kwa ajili ya nini

Kabla ya hesabu yoyote, sema ukweli kuhusu safari zako. Dodoma ina mambo yake, na baiskeli inayomfaa mtu wa mji wenye lami tupu inaweza kukushinda hapa.

Kama unatoka mjini kwenda Ihumwa au Mji wa Serikali kule Mtumba asubuhi, unaelekea mashariki, na upepo wetu wa kiangazi unatoka huko huko. Ni kilomita nyingi za kupigana na upepo. Ukikaa wima kabisa kama mtu aliye kanisani, kifua chako kinakuwa tanga. Utahitaji fremu ndefu kiasi kwa mbele, inayokuruhusu kuinama. Jioni upepo huo huo unakusukuma nyumbani.

Kama njia zako ni za Ntyuka, Mkonze, Hombolo, au za mashambani zinazovuka makorongo, adui yako ni mchanga. Mchanga unashika gurudumu la mbele ghafla, na unatakiwa kutua mguu chini kabla hujafikiri. Hapo bomba la juu likiwa limeuzidi msamba wako kwa kimo, utakachoumia hutakisahau. Chukua fremu yenye nafasi kubwa chini ya msamba, na tairi pana. (Mbigili ni habari nyingine, haina uhusiano na saizi, lakini usitoke bila pampu na viraka.)

Kama kazi yake ni kubeba madumu ya maji, mkaa, au kreti za zabibu, hesabu zinabadilika tena. Nitaieleza peke yake hapo chini, kwa sababu wabebaji mizigo ndio wanaoumia zaidi na ndio wasioandikiwa chochote.

Na kama unatembelea tu sokoni na kanisani au msikitini, umevaa gauni, kitenge au kanzu, tafuta fremu isiyo na bomba la juu, ile tunayoiita ya kike. Jina hilo limewanyima wanaume wazee raha bila sababu. Mzee wa miaka 65 mwenye nyonga nzito anahitaji fremu hiyo kuliko msichana wa miaka 20.

Hatua ya 3: Piga hesabu

Chukua msamba wako kwa sentimita.

Kwa baiskeli ya milimani, zidisha kwa 0.225. Jibu ni saizi ya fremu kwa inchi.

Kwa baiskeli ya mbio yenye bomba la juu lililolala sawa na ardhi, zidisha kwa 0.67. Jibu ni sentimita.

Mwalimu wetu wa msamba 73: milimani inchi 16.4, atafute 16. Mbio sentimita 49. Mimi wa 77: inchi 17.3, na mbio karibu 51 au 52. Kaka yangu wa 83: inchi 18.7, na mbio karibu 55 au 56. Unaona? Kimo kimoja, na fremu zimepishana sentimita nne.

Kama huna namna ya kupima leo na unahitaji makadirio ya simu, kwa baiskeli za milimani tumia haya: chini ya sentimita 155 za kimo, fremu ya 13 au 14; kati ya 155 na 165, fremu ya 15 au 16; 165 hadi 175, ya 17 au 18; 175 hadi 185, ya 19 au 20; zaidi ya hapo, 21 na kuendelea. Haya ni ya kukisia, usilipe pesa kwa kuyategemea.

Baiskeli nyingi za mtumba hazina kibandiko cha saizi, au kimebanduka. Usimuulize muuzaji. Pima mwenyewe: weka sifuri ya futi katikati ya ekseli ya pedali, panda nayo sambamba na bomba la wima hadi mahali bomba linapoishia, chini ya kile kibano cha nguzo ya kiti. Gawanya kwa 2.54 upate inchi. Kuna viwanda vinavyopima hadi katikati ya bomba la juu badala ya mwisho wa bomba la wima, ndiyo maana kibandiko na futi yako vinaweza kutofautiana sentimita mbili tatu. Amini futi.

Hatua ya 4: Simama juu ya fremu

Ukifika dukani au chini ya mti wa fundi, vaa viatu utakavyoendeshea. Hakikisha matairi yamejazwa upepo, maana tairi lililolegea hushusha baiskeli nzima na kukudanganya. Ipande, simama wima mguu huku na huku, mbele ya kiti, bomba la juu likiwa katikati ya miguu. Inua baiskeli taratibu hadi bomba liguse msamba, kisha mwenzako apime matairi yamenyanyuka kiasi gani kutoka ardhini.

Kwa baiskeli ya lami, sentimita 2 hadi 5 zinatosha. Kwa mchanga, makorongo na vilima, taka 5 hadi 10. Chini ya 2, iache, hata kama ni nzuri na bei imeshuka.

Hapa Phoenix, Hero na Avon za ishirini na nane zinawashinda wengi. Ya jirani yangu niliyoipima ina sentimita 85 kutoka ardhini hadi juu ya bomba. Kuisimamia kwa usalama unahitaji msamba usiopungua 87. Wengi wetu hatufiki hapo. Ndiyo maana wengi tulijifunzia baiskeli ya baba kwa kupenyeza mguu katikati ya fremu, tukiendesha kwa ubavu. Mtoto anaweza kuendesha hivyo uwanjani. Mtu mzima mwenye gunia la mkaa nyuma, katikati ya malori ya barabara ya Singida, hapaswi kuendesha kitu asichoweza kukisimamia.

Hatua ya 5: Kiti kinashuka hadi wapi, kinapanda hadi wapi?

Hii ndiyo hatua ninayoithamini kuliko zote, kwa sababu inafanya kazi kwa fremu ya aina yoyote, hata ile isiyo na bomba la juu ambako hatua ya 4 haina msaada.

Zidisha msamba wako kwa 0.883. Jibu ni umbali kutoka katikati ya ekseli ya pedali hadi juu ya kiti, ukifuata mwelekeo wa bomba la wima. Kwa mwalimu ni sentimita 64.5. Kwangu 68. Kwa kaka yangu 73.3. Kanuni hiyo iliwekwa kwa waendeshaji wa mbio, kwa hiyo ichukulie kama mahali pa kuanzia. Mtu wa mjini anaweza kushusha sentimita moja au mbili akajisikia salama zaidi.

Sasa, kwenye baiskeli unayotaka kununua, shusha kiti hadi mwisho na upime. Kama kiti kilichoshushwa kabisa bado kimezidi namba yako, fremu ni kubwa mno na hakuna spana itakayoiponya. Kisha pandisha nguzo ya kiti hadi kwenye alama iliyochongwa juu yake, ile mistari midogo inayosema usivuke hapa. Kama kiti bado kiko chini ya namba yako, unahitaji nguzo ndefu zaidi. Na kama unahitaji ndefu sana, fremu ni ndogo mno. Usikubali kamwe fundi akuvushie alama hiyo. Nguzo inayobaki na sentimita nne tu ndani ya bomba inafanya kazi kama mtalimbo wa kubomolea: inapasua bomba la wima pale juu, au inakatika ukiwa umekaa.

Saizi sahihi ni ile ambayo namba yako inaangukia katikati ya hayo mawili, ukibaki na nafasi ya kupandisha na ya kushusha.

Tulipofika kwa mzee mmoja fundi pale Majengo, mwalimu alimwamkia, akaonyeshwa baiskeli nyekundu ya mjini, fremu ya kike, keria imara, kikapu mbele. Aliipenda mara moja. Nikashusha kiti hadi chini, nikapima: 68. Yeye anataka 64.5.

"Babu, hii imemzidi," nikasema.

"Mjukuu wangu, ataizoea. Wanawake wote wanazichukua hizi."

"Akisimama kwenye mataa atakanyaga kwa ncha ya kidole."

Mzee akanitazama, akaitazama futi, kisha akaingia ndani bila neno. Akatoka na nyingine, ya bluu iliyopauka, kengele imekufa, bei chini kidogo. Kiti kikishuka chote, 60. Kikipanda hadi kwenye alama, 72. Mwalimu akaipanda, akazunguka mwarobaini mara mbili, akarudi anacheka. Kengele tukamwekea nyingine.

Hatua ya 6: Urefu wa mbele

Hadi hapa tumepima kwenda juu. Baiskeli pia ina urefu wa kwenda mbele, kutoka kiti hadi usukani, na huu ndio unaoamua mgongo, shingo na viganja vyako. Fremu mbili zilizoandikwa 18 zinaweza kupishana sentimita kadhaa hapa. Fremu za kisasa zenye bomba la juu linaloteremka kuelekea nyuma zimefanya inchi za bomba la wima zisiseme mengi, kwa hiyo usiiruke hatua hii.

Weka kiti kwenye urefu wako. Kaa, shika usukani, mtu akushikilie. Viwiko vinatakiwa vikunjike kidogo, si kunyooka kama fimbo. Mabega yashuke, yasipande masikioni. Ukiwa kwenye baiskeli ya mbio au ya milimani, mikono na kiwiliwili vifanye pembe inayokaribia mraba. Ukiwa kwenye ya mjini utakaa wima zaidi, na usukani utakuwa karibu zaidi. Kama unalazimika kuteleza mbele ya kiti ili uushike usukani vizuri, fremu ni ndefu kwako. Kama magoti yanakaribia kugonga usukani ukikata kona, ni fupi.

Ukitaka kulinganisha baiskeli mbili bila kukisia, ziweke moja moja kando ya ukuta, sambamba nao, zikiwa zimesimama wima. Kwa kutumia rula, hamishia ukutani nukta ya katikati ya ekseli ya pedali, na nukta ya katikati ya mdomo wa juu wa bomba la mbele, lile linalopitisha foko. Sasa ondoa baiskeli. Ning'iniza timazi, au nati iliyofungwa kwenye uzi, kutoka nukta ya juu. Umbali wa kulala kutoka kwenye uzi hadi nukta ya ekseli ndio unaosema fremu inakufikisha mbele kiasi gani. Umbali wa wima unasema itakunyanyua kiasi gani. Kama kuna baiskeli ya rafiki inayokukaa vizuri, ipime hiyo kwanza, kisha utafute inayofanana nayo. Namba hizo mbili ni za kweli kuliko kibandiko chochote.

Ukiangukia katikati ya saizi mbili

Hutokea. Mwenye safari ndefu za lami na kiwiliwili kirefu achukue kubwa. Wengine wote, kwa njia zetu hizi, nawashauri ndogo. Fremu ndogo kidogo unaweza kuirefusha: nguzo ndefu ya kiti, shingo ndefu ya usukani, kiti kurudishwa nyuma kwenye reli zake. Kubwa mno huwezi kuikata. Chunga jambo moja tu kwenye fremu ndogo za mbio zenye magurudumu ya 622: ukikata kona polepole, ncha ya kiatu inaweza kugusa tairi la mbele. Ijaribu ukiwa umesimama, geuza usukani huku krenki, yaani mkono unaobeba pedali, ikiwa imelala.

Wabeba mizigo

Dumu la lita 20 lililojaa ni kilo 20. Manne ni 80, na yote yako nyuma, juu ya ekseli ya gurudumu. Baiskeli hiyo ikianza kuinama, lazima mguu wako uwahi kufika chini. Kwa hiyo mbebaji mzigo aweke kiti chini ya ile namba ya 0.883, sentimita mbili au tatu hivi. Atapoteza nguvu kidogo ya mguu, atapata usalama. Kama mzigo haupandishiki kilima, teremka usukume.

Fremu iwe na nyuma ndefu. Jaribu hivi: funga madumu mawili ubavuni mwa keria, kaa, zungusha pedali kinyumenyume. Kisigino kikigonga dumu, fremu ni fupi nyuma kwa kazi hiyo. Fremu yenye mabomba mawili ya juu ni imara, lakini haibadilishi kanuni ya msamba. Mtu mfupi mwenye msamba wa 74 asilazimishe ishirini na nane kwa sababu tu ndiyo "ya kazi". Bora ishirini na sita yenye keria iliyoongezewa vyuma na fundi wa kuchomelea, na spoki zilizokazwa upya.

Mtoto

Kwa watoto namba ya tairi ndiyo hutumika, kwa sababu fremu zao zinafuata gurudumu: 16, 20, 24. Mtoto anayejifunza akae kitini na nyayo zote mbili zifike chini. Akishamudu, ncha za vidole zinatosha. Najua tunavyonunua: "kubwa kidogo, atakua nayo." Sare ya shule ikimzidi anakunja mikono. Breki ikimzidi, vidole havifiki, na anateremka mlima hana cha kumsimamisha. Tafuta inayomtosha leo, kisha uiuze kwa jirani.

Hatua ya 7: Kagua fremu ya mtumba kabla ya kutoa pesa

Saizi sahihi ya fremu iliyopinda haina faida. Chukua uzi mwembamba. Ufunge pale ekseli ya nyuma inapokaa upande wa kulia, uupeleke mbele, uzungushe kwenye bomba la mbele, uurudishe hadi upande wa kushoto, uuvute ukaze. Sasa pima nafasi kati ya uzi na bomba la wima, kulia na kushoto. Zikiwa sawa, fremu imenyooka. Tofauti ya milimita tano ina maana baiskeli ilishaanguka vibaya, na itakuwa inakuvuta upande mmoja kila siku.

Pitisha kidole chini ya bomba la juu na la chini, pale yanapokutana na bomba la mbele. Rangi iliyokunjamana au uvimbe mdogo unasema ilishagonga kitu kwa mbele. Angalia viungo vya kuchomelea: mstari mweusi wa nywele ni ufa. Halafu legeza kibano na uone kama nguzo ya kiti inacheza. Ikiwa imeganda kwa kutu, hutaweza kuweka urefu wako, na kuing'oa kunaweza kuharibu bomba. Mimi hapo huwa naondoka.

Hatua ya 8: Endesha, kisha rekebisha

Omba dakika kumi na tano, acha kitambulisho au rafiki. Panda mwinuko mmoja, pita mchanga, funga breki kwa nguvu, simama ghafla na utue mguu.

Kuthibitisha kiti bila futi: kaa, weka kisigino juu ya pedali ikiwa chini kabisa. Mguu unyooke bila nyonga kuinama. Ukirudisha unyayo mahali pake, goti litabaki na mkunjo mdogo. Kisha laza krenki sawa na ardhi na udondoshe timazi kutoka mbele ya goti lililo mbele: uzi upite karibu na katikati ya pedali unayoikanyaga. Ukipita mbele sana, rudisha kiti nyuma.

Mwili utakusemesha wiki ya kwanza. Maumivu mbele ya goti: kiti kiko chini au mbele mno. Nyuma ya goti: kiko juu mno. Nyonga zikicheza kulia na kushoto: juu mno. Ganzi viganjani: usukani uko mbali au chini, au pua ya kiti inateremka na kukusukumia mikononi. Rekebisha milimita tano kwa mara moja, endesha siku tatu, ndipo uguse tena. Ukibadilisha vitu vitatu siku moja hutajua kipi kilikuponya.

Ukishapata mahali pako, chora mstari kwenye nguzo ya kiti, pale inapoingia ndani ya bomba, kwa rangi ya kucha. Mdogo wako ataiazima, fundi atakiteremsha kiti akiziba pancha, na wewe utakirudisha mstarini kwa nusu dakika.